Mguu wa Mtu Una Hesabu: Wakili, Fidia ya Ajali na Ukimya Wetu



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari ya wiki hii nilikuwa nimeikusudia kwa ajili ya maandalizi ya Kipaimara. Nimeiweka kando. Jumanne jioni, ukungu ukiwa umekwisha kufunika mashamba ya viazi, baba mmoja wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo alipanda ngazi za nyumba ya mapadre kwa magongo yake mawili, akanisalimu, "Kamwene, Padre," akaketi, kisha akaweka mezani bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwamo karatasi zake zote tangu mwaka 2019. Akaniuliza swali moja tu: "Padre, mguu wangu ulilipwa shilingi ngapi?"

Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari yake bila kumtaja jina, naye ameniruhusu. Naandika kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa, na kwa sababu, kama mtakavyoona, nami nimo ndani ya habari hii.

Mwaka 2019 baba huyu alikuwa abiria wa bodaboda akitoka Njombe mjini kurudi huku kwetu Yakobi. Lori liliwagonga kwa nyuma. Mguu wake wa kulia ulivunjika sehemu mbili, ukawekewa vyuma. Dereva alishtakiwa, akakiri kosa, akatozwa faini, akaendelea na safari zake. Mwenzetu alikuwa mpasuaji mbao, mtu wa kusimama kutwa nzima; leo anauza vocha na njegere mbele ya nyumba yake.

Siku ya nne tangu alazwe, uvimbe haujapungua bado, kijana mmoja nadhifu alifika kitandani kwake. Hakuwa mgeni. Ni mwana wa parokia hii, na Dominika hupiga magoti pamoja nasi. Alisema anafanya kazi na wakili, akaeleza kwamba gari lile lina bima na kwamba wakili atafuatilia fidia yote bila mgonjwa kutoa hata senti. Akatoa karatasi tatu. Mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Ya tatu haikuwa na maandishi yoyote, ila mstari wa kuweka sahihi.

Siku hiyo nilikuwa wodini kuwapaka wagonjwa mafuta. Baba huyu aliniita, akaniomba nimsomee. Nilikuwa na haraka ya kuwahi misa ya kigangoni. Nikazitupia macho zile karatasi, nikamwambia: "Saini tu, baba. Hawa ni wasomi, wanajua wanachofanya." Maneno hayo ni yangu. Nayakiri mbele yenu kabla sijamnyoshea mtu mwingine kidole.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 2022 aliitwa, akapewa shilingi 2,400,000 mkononi, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo fidia iliyobaki baada ya gharama. Hakupewa risiti wala maelezo ya maandishi, ila aliwekewa karatasi nyingine ya kusaini. Akashukuru. Nakumbuka alileta sadaka ya shukrani kanisani, nasi tukampigia makofi.

Baadaye binti yake, ambaye amesoma kidogo kuliko sisi mapadre lakini anauliza zaidi yetu, alichukua nakala za polisi na za hospitali akaenda kuuliza katika ofisi ya kampuni ya bima. Alionyeshwa hati ya kukubali malipo ya mwisho, yenye sahihi ya baba yake chini yake. Kiasi kilicholipwa kupitia kwa wakili kilikuwa shilingi 18,000,000. Toa milioni mbili na laki nne. Zinabaki shilingi 15,600,000.

Tuliandika barua kwa unyenyekevu kuomba mchanganuo. Jibu lilikuwa na mistari mitatu: shauri limefungwa, mteja alisaini, hakuna deni.

Ndugu zangu, sisemi kwamba wakili huyu ameiba. Sijui. Amri ya nane inanikataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani yangu ni pamoja na wakili. Yawezekana zilikuwapo gharama za kweli: nakala za hukumu, taarifa za daktari, nauli za kwenda na kurudi, ada ya kazi ya miaka mitatu. Kama zilikuwapo, zinaandikika. Mtu aliyetumia fedha za mwingine kwa haki haoni tabu kueleza alivyozitumia. Ninacholalamikia leo ni kile ninachokijua kwa hakika: mtu aliyevunjika mguu ameomba hesabu ya mguu wake, akajibiwa kwamba alisaini.

Na ninalalamika kwa sauti kwa sababu habari hii si ya mtu mmoja. Barabara itokayo Makambako, pale inapoiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma na kuteremka Njombe hadi Songea, inapitisha malori usiku na mchana, na vijana wetu wako juu ya pikipiki pembeni mwa malori hayo. Kila kigango kina majeruhi wake. Ulizeni katika jumuiya zenu: ni wangapi waliosaini wasichokisoma? Ni wangapi walioambiwa "kesi bado" mpaka wakazeeka?

Basi natujue kwanza haki yenyewe, maana asiyejua chake huridhika na makombo.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima inayomhusu mtu wa tatu, yaani wewe uliyegongwa, ambaye hukuwa na mkataba wowote na kampuni ile. Fidia inayotokana na bima hiyo imekusudiwa wewe. Si hisani ya kampuni wala si fedha ya wakili. Wakili anaipokea kwa niaba yako, na kanuni za taaluma yake zinamtaka asichanganye fedha ya mteja na fedha yake.

Pili, madai haya yanategemea karatasi. Ipo fomu ya polisi namba 3, ile PF3 mnayokwenda nayo hospitali. Upo mchoro wa mahali pa ajali, ipo taarifa ya ukaguzi wa gari, ipo nakala ya hukumu ya dereva, ipo taarifa ya daktari inayoeleza ulemavu uliobaki. Anayezishika karatasi hizi ameyashika madai. Ndiyo maana yule kijana hufika kitandani mapema hivyo, kabla ndugu hawajafika na uji.

Tatu, muda. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Wakili anayekaa na faili kimya anaweza kukupotezea haki yako yote bila kugusa hata senti. Huo nao ni uharibifu, ingawa hauonekani katika bahasha.

Nne, lugha. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kama Jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, ni kitu gani kinamzuia wakili kuandika kwa Kiswahili makubaliano yake na mpasua mbao wa Yakobi? Karatasi ya Kiingereza mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, akiwa kitandani, akiwa na maumivu, haiwezi kuitwa makubaliano. Nami niliyejua Kiingereza na nisiisome, nina hatia kubwa kuliko yeye asiyejua.

Sasa nataka kujibu maneno ambayo nimeyasikia wiki nzima hii, tangu nianze kuwauliza watu.

Neno la kwanza: "Bila wakili asingepata hata hizo milioni mbili." Ni kweli kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, na mimi sitaki wakili afanye kazi bure. Lakini ujira hupatanwa kabla ya kazi, kwa kiasi kinachojulikana na pande zote mbili. Ninyi wakulima wa viazi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mmepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa. Mnunuzi anakuja shambani, anashona juu ya gunia kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe, analipa bei ya gunia moja, na mkilalamika anawaambia, "Bila mimi viazi vyenu vingeozea hapa." Je, mlikubali? Mlikwenda kwa diwani, mlikwenda kwa watu wa vipimo, mkasema mnataka mizani. Leo mwenzenu ameshonewa lumbesa juu ya mfupa wake, halafu mnaniambia ashukuru kwa kuwa alipata mnunuzi! Ninachomwombea ni mizani ileile mliyoidai kwa ajili ya viazi.

Neno la pili, na hili limeniumiza zaidi kwa sababu linavaa kanzu ya imani: "Padre, tumwachie Mungu." Wapendwa, mnaikumbuka habari ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tumezoea kuhubiri juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando, na juu ya Msamaria aliyesimama. Leo nawaomba mumwangalie mtu wa nne, yule mwenye nyumba ya wageni. Yeye alikabidhiwa fedha kwa ajili ya majeruhi. Dinari mbili, na ahadi kwamba mwenye kuzitoa atarudi na kulipa kilichozidi. Majeruhi alikuwa hajiwezi. Angeweza kumlaza nje na kuzitia dinari mfukoni, kisha akadai nyingine. Mwinjili hatuambii kwamba alifanya hivyo; lakini angalieni kwamba Msamaria hakusema, "Namwachia Mungu," akaenda zake. Alisema atarudi. Atarudi, na watafanya hesabu. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Yule baba wa bahasha ya kaki alikabidhiwa mikononi mwetu, nasi hatukurudi kuuliza. Kumwachia Mungu kazi ambayo Mungu ametuachia sisi ni uvivu, na mara nyingine ni woga. Tunamwogopa wakili kwa sababu kesho tutamhitaji katika mgogoro wa shamba. Tunamwogopa yule kijana kwa sababu ni ndugu wa fulani. Tukikosa ujasiri tunasingizia imani.

Neno la tatu: "Lakini yule ni msomi, mtu mwenye heshima, hawezi kufanya hivyo." Hili nalijibu kwa habari ya mbali, ili asiwepo wa kudhani kwamba namsema jirani yake. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, alikuwapo wakili aitwaye Tom Girardi, maarufu kwa kesi za watu waliodhuriwa. Sifa zake zilienea hadi katika sinema, kwa kuwa alikuwa mmoja wa mawakili wa kesi iliyosimuliwa katika filamu ya Erin Brockovich. Mwaka 2018 ndege ya Lion Air ilipoanguka katika bahari ya Java, Indonesia, na kuua watu wote 189, baadhi ya wajane na yatima walimkabidhi madai yao dhidi ya kampuni ya Boeing. Boeing ilitoa fedha. Mwishoni mwa mwaka 2020 ikabainika mahakamani kwamba sehemu ya fedha hizo haikuwafikia. Mwaka 2022 alifutwa uwakili, mwaka 2024 akapatikana na hatia ya kuwaibia wateja wake, miongoni mwao familia ya mtoto aliyeumia katika ajali ya gari, na Juni 2025 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka saba, akiwa mzee wa miaka 86.

Lakini lililonitia baridi ni hili. Baadaye chombo kinachosimamia mawakili wa California kilikiri hadharani kwamba katika muda wa miaka 40 kilikuwa kimepokea malalamiko 205 juu ya mtu huyo. Mia mbili na tano! Na kwa miaka yote hiyo hakuadhibiwa hadharani, maana alikuwa mtu mkubwa, rafiki wa wakubwa. Kama nchi yenye vitabu vyote vile vya sheria iliweza kunyamaza miaka 40 kwa sababu ya heshima ya mtu mmoja, msiniambie kwamba tai nyeusi na koti la bei ni ushahidi wa uaminifu.

Wala hatuna haja ya kufika Marekani. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa na Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sheria yao ya mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda kesi. Hata hivyo malalamiko ya majeruhi waliocheleweshewa au kunyimwa fidia zao hayajaisha huko. Kenya inatufundisha na jambo jingine, chungu kwetu sisi walei na mapadre: uovu huu hauendi upande mmoja. Kampuni za bima zilizokuwa zikikatia bima matatu zilianguka, United Insurance ikiwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011. Sababu zilikuwa nyingi, uongozi mbaya ukiwamo, lakini madai ya uongo yameisumbua biashara hiyo ya bima kwa miaka mingi: abiria ambao hawakuwamo garini, taarifa za daktari za mifupa isiyovunjika. Kampuni ikianguka, aliyevunjika kweli hubaki na hukumu isiyolipika.

Nasema haya kwa sababu wapo miongoni mwetu waliowahi kuniomba barua ya utambulisho ili wahesabiwe kuwa walikuwamo katika ajali ambayo hawakuwamo. Wanajijua. Huwezi kulia kwamba wakili amekula fidia yako ilhali jana ulitaka kula fidia ya mwenzako. Anayekubali kudanganya pamoja na wakili asishangae wakili akimdanganya na yeye.

Wala nisieleweke vibaya kuhusu mawakili. Kanisa linamheshimu Mtakatifu Ivo wa Bretagne, huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1303, ambaye alikuwa mwanasheria na padre, akawatetea maskini bila malipo, na leo ni msimamizi wa mawakili. Hapa kwetu pia wapo wanaosimama mahakamani kwa ajili ya mjane bila kumdai hata nauli. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na mawakili vishoka, na hao ndio wa kwanza kutaka hesabu ziwekwe wazi. Chama cha Wanasheria Tanganyika kipo tangu mwaka 1954. Kina heshima ya kulinda, nayo hailindwi kwa kuwanyamazisha wateja.

Basi tufanye nini? Sitaki tafakari hii iishie katika kusikitika, na mambo yanayofaa kufanywa yanajulikana.

Kabla ya kusaini chochote, muulize anayekuletea karatasi mambo matano, naye ayajibu kwa maandishi, kwa Kiswahili. Wakili ni nani, na je, jina lake limo katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambamo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuhakiki? Ada yake ni kiasi gani, na inahesabiwaje? Gharama nyingine ni zipi, na je, risiti zake nitapewa? Fedha ikilipwa italipwa katika akaunti gani, na nitajulishwaje? Na je, hati ya kukubali malipo ya mwisho nitaiona, yenye kiasi kimeandikwa juu yake, kabla sijaweka sahihi? Asiyetaka kuyajibu haya, mwambie akuache ulale.

Usisaini kamwe karatasi tupu. Usitoe nakala halisi ya PF3 wala ya hukumu bila kubaki na kivuli chake. Na mgonjwa aliye katika maumivu makali au dawa kali asisaini lolote. Miaka mitatu haiishi kwa siku nne.

Kwa wale ambao maji yamekwisha kumwagika, ziko njia. Unaweza kwenda mwenyewe katika kampuni ya bima na kuomba kujua ni kiasi gani kililipwa katika madai yenye jina lako, kama alivyofanya binti yule. Kampuni yenyewe ikikuzungusha, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kama mashaka ni juu ya wakili, iko Kamati ya Mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha au hata kumfuta katika orodha. Na Kanuni ya Adhabu inatambua wizi wa wakala, yaani mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine akaigeuza yake. Mlango wa polisi haujafungwa. Asiye na fedha ya kuandikiwa malalamiko asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao haina malipo. Kulalamika mahali panapostahili hakumchafui mtu. Ni kumpa nafasi ya kujieleza mbele ya wanaoweza kupima, na kama hana kosa, atoke akiwa msafi kuliko alivyoingia.

Kwa upande wa parokia, nimezungumza na Mwenyekiti wa Halmashauri Walei. Kuanzia mwezi ujao, kila Dominika ya pili baada ya misa ya kwanza, walimu wetu wawili watakaa katika chumba cha katekesi kumsomea yeyote aliye na karatasi asiyoielewa, kabla hajaisaini. Hawatatoa ushauri wa kisheria, maana si kazi yao. Watamsomea tu, neno kwa neno. Mimi nitakaa nao. Nina deni la kusoma. Nawaomba pia viongozi wa jumuiya: mtu akipata ajali, wa kwanza kufika kitandani awe ni mmoja wetu.

Na sasa wewe, ndugu yangu uliyepeleka karatasi zile. Sikukutaja, na sitakutaja. Labda hata wewe hukujua mwisho wake, ukapewa chako kidogo cha kuleta mteja ukadhani umefanya wema. Lakini sasa unajua. Nakukumbusha kile tunachowafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza: kuungama wizi bila nia ya kurudisha hakujakamilika. Padre anaweza kukuondolea dhambi kwa mamlaka ya Kanisa. Hana mamlaka ya kumsamehe mtu deni kwa fedha ya mwingine. Zakayo hakungoja Kamati yoyote. Aliposhuka mtini aliahidi mara nne. Mimi sikuombi mara nne. Nakuomba uje, tukae watu watatu, wewe, mimi na baba yule, utuambie unachokijua. Wote wawili, mimi na wewe, tulisimama kando ya kitanda kile.

Kwa wakili, ikiwa maneno haya yatamfikia, namwomba karatasi moja tu. Juu yake aandike milioni kumi na nane. Chini yake aandike kila kilichotoka, kwenda wapi, kwa risiti gani. Mwishoni aandike kilichobaki. Ikiwa ni milioni mbili na laki nne, nitasimama mbele ya altare Dominika inayofuata na kumwomba radhi kwa mashaka yangu, na makofi tuliyompigia baba yule tutampigia na yeye.

Hadi siku hiyo tutaendelea kuuliza. Barua ya pili imekwenda Ijumaa, na nakala yake imepelekwa kwa Kamati ya Mawakili. Baba mwenyewe aliisaini, baada ya binti yake kumsomea mara mbili, polepole, mezani kwangu.

Nawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye amani. Mwombeeni mwenzetu, na mniombee na mimi.

Ni mimi Padre wenu,
Parokiani Yakobi, Njombe